Chumvi Mlangoni kwa Lola

Nianze na ujinga wenyewe, maana ninyi binamu zangu wa Mwanza mliuona wote, mkanitumia sura za kucheka mpaka simu ikapata moto. Ijumaa moja, baada ya shule, nilimwaga nusu kilo ya chumvi mlangoni kwa Lola Ising, jirani yetu wa mlango wa pili hapa ughaibuni, ghorofa ya tatu. Nikaning'iniza vitunguu saumu kwenye kitasa chake, nikabisha hodi, nikarudi nyuma hatua nne, nikaanza kurekodi.

Lola ni bibi kwa lugha ya kwao Ufilipino, na hata sisi tusio wajukuu zake tunamwita hivyo. Alifungua mlango. Akaitazama chumvi, akavitazama vitunguu, akanitazama mimi. Nilitegemea acheke, au anifukuze na kandambili, vyote vingefaa kwa video. Hakufanya kimojawapo. Alisimama ndani ya kizingiti, vidole vya miguu karibu viguse chumvi, kisha akafunga mlango polepole kama mtu anayemfunika mgonjwa. Mimi nikaandika juu ya video: "Aswang wa ghorofa ya tatu. Ameshindwa kuvuka." Nikairusha.

Aswang, kwa ambao hamkuuliza mkaishia kucheka, ni mtu wa kawaida mchana, jirani yako yule yule wa kuazimana sukari, ila giza likiingia anageuka na kwenda kutafuta maini ya wagonjwa na watoto walio tumboni. Wengine hukatika kiunoni, nusu ya juu ikaruka na mbawa, nusu ya chini ikabaki imesimama kama kinu. Ukiikuta hiyo nusu ukaitia chumvi, hairudiani na mwenzake. Dalili yake mchana ni macho mekundu.

Nani alinifundisha haya? Lola mwenyewe. Mwalimu wetu wa historia alitaka kila mtu aandike juu ya jamii moja kabla ya kuja kwa wakoloni. Wenzangu wakakimbilia Misri na piramidi. Mimi nikaona kwa nini nisome vitabu wakati mlango wa pili kuna kitabu kinachopika. Basi siku tatu Lola alikaa mezani kwetu, mdogo wangu Milembe mapajani, akanieleza watu wa visiwa vya kwao: datu aliyetawala, watu huru waliomfuata, na chini yao waliofanya kazi za wengine kwa deni au kwa kutekwa vitani. Akanieleza bakunawa, joka la baharini linalomeza mwezi hadi watu wapige masufuria litapike. Akanieleza babaylan, mwanamke aliyeponya, aliyezalisha, aliyeongea na wasioonekana, na hata datu hakuanza vita bila kumuuliza. Aswang alikuja mwisho kabisa, kwa sauti ndogo, na kwa sababu mimi niling'ang'ania. Nilipata A. Wiki hiyo hiyo nikanunua chumvi.

Jumapili Lola alifunga begi moja akaenda kwa mwanawe Manassas. Hakuaga.

Hapo ndipo kichekesho kilipoanza kunila mimi. Lola ndiye aliyekuwa akishinda na Milembe, ambaye ana miaka minne, wakati Mama yuko kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Sasa Mama akawa anabembeleza wenzake wabadilishane zamu, na zilipogoma kubadilika nikawa nabaki mimi. Siku ya kwanza ya kukosa shule niliifurahia mpaka saa nne asubuhi. Baada ya hapo Milembe alitoka, akakaa kwenye mkeka wa mlangoni kwa Lola, akagoma kuingia. "Lola yuko wapi?" Amesafiri. "Anarudi lini?" Sijui. "Nani anajua?" Mtoto huyu akikua atakuwa hakimu, nawaonea huruma watakaosimama mbele yake.

Wiki ya pili, Mama alisema: "Jumamosi utamfuata."

"Manassas ni Virginia, Mama."

"Najua iliko Virginia."

"Si nimpigie tu simu nimwombe radhi?"

"Ulipompelekea chumvi ulipiga simu?"

Mzazi akikujibu hivyo, we tafuta viatu.

Saa moja na nusu asubuhi, Takoma Park. Niliondoka na ndoo. Si mkoba wala begi, ndoo ya plastiki iliyowahi kuwa na aiskrimu, imejaa maandazi, imefungwa kwa khanga fundo juu. Mama alikuwa ameyachoma tangu alfajiri. Nikamwambia nitaonekana kama naenda arusini. Akasema nishike kwa mikono miwili. Hakunipa somo lolote la njia, jambo ambalo lilipaswa kunishtua, maana mama yangu hunipa maelekezo hata ya kwenda chooni.

Treni ya chini ya ardhi ilikuwa karibu tupu. Mama mmoja aliyekaa mkabala aliitazama ndoo vituo vitatu mfululizo, halafu akahamia kiti kingine. Sikumlaumu. Ndoo iliyofungwa kitambaa haijibu maswali.

Saa mbili na nusu, stesheni kuu mjini. Mpango wangu, ambao niliuona wa kitaalamu, ulikuwa kupanda hapa treni ile kubwa ya Virginia inayokwenda moja kwa moja hadi Manassas. Nikazunguka kutafuta njia yake ya kuingilia mpaka mzee mmoja aliyekuwa anafagia akanionea huruma.

"Unatafuta nini, kijana?"

Nikamwambia.

"Hiyo ni treni ya kupeleka watu kazini na kuwarudisha. Leo Jumamosi. Haipo."

"Hata moja?"

"Hata tupu."

Nikakaa chini na ndoo yangu. Nilikuwa na simu mfukoni inayoweza kuniambia idadi ya nyota angani, na sikuwa nimeiuliza kama treni ipo. Nikampigia Mama.

"Treni ya Manassas haifanyi kazi Jumamosi."

"Eeh," alisema, kwa sauti ya mtu anayekoroga uji. "Chukua ya chini hadi Vienna, mwisho wa reli. Papa Déo atakupitia hapo. Anapeleka viti vya kanisa Manassas."

"Papa Déo? Si anatokea hapo hapo kanisani, nyuma ya jengo letu?"

"Ndiyo."

"Na ulijua tangu jana?"

"Tangu Alhamisi. Nilitaka ubebe ndoo kidogo." Akakata.

Saa tano kasoro, Vienna. Papa Déo ni shemasi wetu, mtu wa Bukavu, mpana, mpole, anayeendesha gari la mizigo kana kwamba amebeba mayai ya Mungu. Magari yote yalitupita. Basi la shule lilitupita, na Jumamosi hakuna shule. Nyuma yetu viti vya chuma vilikuwa vinagongana kila tulipopunguza mwendo, na tulipunguza mwendo sana kwa watu ambao hawakuwa na mwendo.

"Elia," aliniita kwa Kiswahili cha kwao. "Mama yako alinielezaka yote. Eske ni kweli uliweka ule muzee mu video?"

"Ilikuwa utani, Papa."

"Utani, njo mutu anacheka. Ule muzee alicheka?"

"Hapana."

"Nani alicheka?"

Nikahesabu kichwani. Ninyi wa Mwanza, wanafunzi wenzangu, na watu wengi sana nisiowajua. "Wengine."

"Sasa uko unaenda kwa wengine, ao uko unaenda kwake?"

Niliikaza khanga ya ndoo. Aliwasha redio ya mahubiri ya Kifaransa, ambayo sielewi, na bado nilihisi yananihusu.

Saa sita kasoro robo, Manassas. Nyumba ya Tito Rene, yaani mjomba Rene, mwana wa Lola, iko kwenye mtaa wa nyumba zinazofanana kama meno, ila yake ina magari sita mbele na watu hadi barabarani. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mjukuu mmoja. Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi kwa mtu mmoja jikoni, si mbele ya ukoo mzima wenye sahani mkononi.

Kando ya njia ya kuingilia palikuwa na kichuguu cha udongo mweusi, urefu wa goti. Sasa, Lola alinifundisha kwamba kwenye vichuguu huishi kizee kisichoonekana, na ukipita bila kupiga hodi unaweza kuamka mguu umevimba kama gunia. Hodi yake husemwa "tabi-tabi po," yaani naomba kupita, mheshimiwa. Zamani niliicheka. Siku hiyo nilikuwa na kesi ya kutosha na Wafilipino wanaoonekana, sikutaka kuongeza wasioonekana. Nikasimama na ndoo yangu, nikainama, nikasema kwa heshima zote, "Tabi-tabi po."

Watoto wawili waliokuwa wanacheza mpira wakanitazama.

"Hiyo ni mbolea ya maua," mmoja akasema. "Baba aliimwaga jana."

Mwenzake akaingia ndani mbio, nikamsikia akitangaza kwa Kiingereza kwamba mvulana wa chumvi amefika na anaongea na mbolea.

Mvulana wa chumvi. Basi nilikuwa na jina tayari.

Lola alikuwa kwenye gereji, mlango umefunguliwa, anabanika samaki juu ya makaa kwa sababu mkwewe hataki harufu ndani. Moshi ulikuwa umemfunika hadi mabegani. Alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu, yanachuruzika machozi, na kwa sekunde moja ya aibu kubwa kichwa changu kikafikiri kile kile ambacho ninyi mnafikiri.

Kwao kuna desturi iliyo ndugu ya shikamoo: unauchukua mkono wa mkubwa, unaugusisha kwenye paji la uso wako, naye anakubariki. Ndivyo nilivyomwamkia kila siku miaka miwili. Nikaweka ndoo chini, nikanyoosha mkono.

"Mikono yangu ina samaki," alisema kwa Kiingereza chake cha polepole, na akarudi kwenye makaa.

Mikono yake imewahi kuwa na samaki mara mia. Haikuwahi kumzuia.

"Lola, nimekuja kuomba radhi. Video nimeshaifuta."

"Umeifuta." Aligeuza samaki mmoja, kisha wa pili. "Binamu yangu yuko kisiwani, hana meno, hana friji, na anayo hiyo video. Ameniuliza: Ising, kwa nini hukuvuka?"

Niliisogeza ndoo karibu na miguu yake.

"Unataka kujua kwa nini sikuvuka?"

"Ndiyo, Lola."

"Mama yangu alikuwa anabanika samaki wa kuuza. Hivi hivi. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima. Jirani mmoja mimba ikamharibikia. Wakaanza kusema. Kwanza waliacha kununua samaki. Halafu wakaacha kula chochote kilichotoka mkononi mwake, maana kwetu wanasema aswang humwambukiza mtu kwa chakula. Nilikuwa napeleka embe shuleni, watoto wanatupa. Siku moja wanaume wakaja, wakamwaga chumvi mlangoni, wakamwambia: kama wewe ni mtu, vuka."

"Akavuka?"

"Akavuka. Miguu mitupu, mimi nimemshika sketi. Unajua walisema nini?" Alifuta macho kwa mkono wa blauzi. "Walisema chumvi haikuwa ya kutosha."

Samaki walikuwa wanalia mafuta juu ya makaa. Papa Déo, aliyekuwa amenifuata taratibu, alivua kofia.

"Tulihama wiki hiyo," Lola akaendelea. "Kwa hiyo nilipoona yako nikawaza: nikivuka atasema haitoshi, nisipovuka atasema nimeshindwa. Nikafunga mlango. Mimi ni mzee, magoti yanauma."

"Lola, mimi nilikuwa nataka tu kuchekesha."

"Wale wanaume pia walicheka." Akaninyooshea koleo la makaa. "Na wewe ni mbaya kuliko wao, maana wao hawakusoma. Nilikueleza babaylan. Nilikwambia wenye nguo nyeusi walipokuja na msalaba, yule yule aliyewazalisha wanawake wa kijiji akaitwa mtumishi wa shetani. Kazi haikubadilika, jina ndilo lilibadilika. Ukayaandika yote. Ukapata A kwa babaylan, kisha wiki hiyo hiyo ukanifanya aswang. Nani alikufundisha kusoma namna hiyo?"

Ningependa kuwaambia nilijibu kitu cha maana. Nilisema, "Nimeleta maandazi." Kuna nyakati mdomo wangu hufanya kazi bila mimi.

Aliitazama ndoo. Halafu akaita kwa lugha yao, na Tito Rene akatokea, mwanaume mfupi mwenye aproni, hana hata tone la tabasamu kwa ajili yangu. Wakazungumza. Tito Rene akatoa simu.

"Mama anasema utakula," aliniambia. "Mkononi mwake. Nitarekodi. Itakwenda kwa kila mtu aliyepata ile ya kwanza, pamoja na binamu asiye na meno."

Nikafurahi, kusema kweli. Kula ndiyo adhabu pekee niliyowahi kuiombea. Nikafikiri nimepona.

Saa saba, mezani. Meza ndefu ilikuwa imetandikwa majani ya mgomba, wali umemwagwa katikati kama tuta, juu yake samaki, nyama za kuchoma, embe, na watu wamesimama pande zote wanakula kwa mikono. Hapo nilijisikia nyumbani, mpaka kelele zilipozimika. Lola akasogea na bakuli. Ndani yake palikuwa na mchuzi mzito mweusi, mweusi kama lami, na vipande vya nyama.

"Hii ni nini?" nilimnong'oneza mtoto wa mbolea.

"Dinuguan."

"Ina nini?"

"Damu."

Nikamgeukia Lola. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. "Usiogope," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Ya nguruwe."

Watu wakacheka, na kwa mara ya kwanza nikaelewa jinsi inavyokuwa ukiwa upande ule mwingine wa kicheko.

Sasa msione ni jambo dogo. Kanisani kwetu damu hailiwi. Imeandikwa mitume waliikataza, na aliyetufundisha mstari huo, darasa la kipaimara, kwa fimbo ndogo ya kuonyeshea ubaoni, ni Papa Déo, aliyekuwa amesimama kushoto kwangu na sahani ya wali mtupu. Lola alifinyanga tonge, akalichovya kwenye ule weusi, akaliinua hadi usawa wa mdomo wangu. Tito Rene akasogeza simu karibu.

"Sema jina lako," alisema. "Sema ulichofanya."

"Naitwa Elia. Nilimwaga chumvi mlangoni kwa Lola Ising na kusema ni aswang." Nilihisi utani unapanda kooni wenyewe, kama kwikwi. Nikaumeza. "Si kweli. Ni jirani yetu. Alikuwa ananilelea mdogo wangu na kunisaidia kazi za shule. Nilimsingizia mbele ya watu."

Tonge likabaki hewani. Nikasita.

Nilisita kwa ajili ya mitume, nawaapia, lakini simu haikujua hivyo. Simu iliona mvulana anakataa chakula cha mkono wa bibi. Nikaona mkono wa Lola umeanza kushuka kidogo kwa uzito wa kushikilia. Nikaona na watu wa mezani wanavyoutazama ule mkono. Mwanamke mmoja mtu mzima alikuwa ameshika msalaba wake shingoni. Hata hapa, Virginia, kwenye siku ya kuzaliwa ya mtoto, palikuwa na mtu anayengoja kuona.

Nikamtazama Papa Déo. Naye alinitazama, akaitazama damu, akaweka sahani chini.

"Mimi naenda kwanza kupanga viti mu gari," alisema. "Vinapigaka kelele." Akatoka, akatugeuzia mgongo.

Nikafungua mdomo.

Jambo lililoniudhi kuliko yote siku ile, na ushindani ulikuwa mkali, ni kwamba tonge lilikuwa tamu. Uchachu wa siki, pilipili kwa mbali, nyama laini. Nikafinyanga tonge la pili mwenyewe kutoka kwenye bakuli lake, bila kuambiwa, na la tatu. Tito Rene aliacha kurekodi kwenye la nne, akasema inatosha, kijana, na wengine wale. Yule mwanamke wa msalaba akasogea na sahani yake. Lola akamjazia bila kumtazama usoni.

Kisha Lola akafungua ndoo yangu. Akala andazi moja, akala la pili. Akapangusa vidole kwenye khanga ya mama yangu, akaninyooshea mkono. Ulikuwa bado unanuka samaki. Nikauweka kwenye paji la uso, na niliuacha hapo zaidi ya inavyotakiwa, mpaka akaniambia nimrudishie.

"Utarudi, Lola? Milembe anakaa mlangoni kwako kama paka."

"Jumatatu," alisema. "Usijisifu. Si kwa ajili ya video yako. Rene anakoroma, na mke wake ananipikisha kwenye gereji."

Saa tisa, njiani kurudi. Lola alinirudishia ndoo imejaa samaki wa kubanika waliofungwa kwenye gazeti, na gari zima likanuka moshi. Viti vilishashushwa, kwa hiyo hakuna kilichogongana nyuma yetu. Tulipitwa na lori la takataka. Nikashindwa kuvumilia.

"Papa, nimekula damu."

"Mimi nilikuwa inje."

"Lakini unajua."

Aliendesha kidogo. "Wakati ya vita, mu pori, tulikulaka vitu mubaya kupita ile. Kuko mama moja alitupatiaka, hatukumuuliza ni nini. Tungemuuliza, angesikia aibu." Akawasha taa ya kukata kona, ingawa kona ilikuwa bado mbali mno. "Mungu hajaniulizaka. Akiniuliza, nitamuonyesha ule mama."

Halafu akarudisha redio yake ya Kifaransa. Bado sielewi.

Saa kumi na moja jioni, nyumbani. Jua lilikuwa bado linaingia koridoni kupitia dirisha la ngazi, na Milembe alikuwa amelala kwenye mkeka wa mlangoni kwa Lola, kiatu kimoja kimemvuka mguuni. Niliinama kumbeba, nikaona chembe mbili tatu za chumvi bado zimenasa kwenye ufa wa kizingiti. Mama alifagia siku ile ile ya video, nilimwona, kwa mikono, akiwa amepiga magoti na sare yake ya kazi, na sikujiuliza kwa nini mtu mwenye ufagio afagie kwa mikono. Nikazitoa kwa kucha.

Mama alikuwa jikoni. Nikamlaza Milembe, nikaweka ndoo mezani, nikamweleza yote kwa mpangilio: treni isiyokuwepo, mbolea ya maua, chumvi isiyotosha, bakuli jeusi. Nikajitayarisha kwa ajili ya damu, maana mama yangu akisimama na Biblia hata meza hukaa sawa. Nikasema, "Lola anarudi Jumatatu. Na anakusalimia. Na nilikula damu, Mama, mkononi mwake, matonge manne."

Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amefungua gazeti, na ile harufu ya moshi imetanda jikoni kote. Alimshika samaki mmoja, akamsogeza puani, akafumba macho. Ukutani nyuma yake kuna picha moja ya zamani iliyotoka kwao Shinyanga, mwanamke mwenye kitambaa kichwani, bibi yake Mama, ambaye nikiuliza alikufa na ugonjwa gani huwa naambiwa nikachote maji. Hata ninyi wa Mwanza, nadhani, mliambiwa mkachote maji.

Mama akamweka samaki chini.

"Bibi yangu naye macho yake yalikuwa mekundu," alisema. "Alikuwa anapikia moto wa samadi ya ng'ombe, wakamwita mchawi. Majirani zetu hawakuja na chumvi."